Goethe: aliyeandika habari za kifo, akachagua kuishi

Usiku mmoja, miaka kadhaa iliyopita, nilisoma katika taarifa ya habari ya saa mbili kifo cha msanii wa nchi za nje aliyejitoa uhai. Nilisoma kila kitu kama kilivyonifikia mezani: alivyofanya, alipokutwa na barua aliyoiacha. Habari hiyo tukairudia saa nne usiku, kisha alfajiri. Kulipokucha mama mmoja akapiga simu studio. Akasema kijana wake, ambaye kwa wiki nyingi alikuwa hataki kula wala kuzungumza na mtu, alikesha na redio sikioni na habari ile ameisikia mara zote tatu. Mama yule hakupiga simu kugomba. Aliuliza tu kama tutaisoma tena.

Siku hiyo sikuwa na jibu zuri. Nimelitafuta tangu hapo, na katika kulitafuta nimekutana na maisha ya mtu aliyefariki karibu miaka 200 iliyopita, mwandishi wa Kijerumani Johann Wolfgang von Goethe. Huenda jina lake umewahi kulisikia bila kujua ni la nani. Vituo vya utamaduni wa Kijerumani vya Dar es Salaam na Nairobi vinaitwa Goethe-Institut kwa heshima yake.

Goethe alijua mambo mawili ambayo ni nadra mtu mmoja kuyajua yote. Alijua kuishi na mawazo ya kujiua. Na alijua kinachotokea pale simulizi ya kifo cha namna hiyo inapowafikia watu wenye mawazo hayohayo. Karibu tuyafuatilie maisha yake.

Mtoto wa Frankfurt

Goethe alizaliwa tarehe 28 Agosti 1749 katika mji wa Frankfurt. Baba yake alikuwa mwanasheria mwenye mali. Mama yake alikuwa binti wa mmoja wa wakubwa wa mji. Nyumbani kulikuwa na vitabu, walimu na chakula cha kutosha. Hata hivyo kifo kilikuwa mgeni wa mara kwa mara, maana wadogo zake walifariki wangali watoto, akabaki yeye na dada yake Cornelia.

Mwaka 1765, akiwa na miaka 16, alipelekwa Leipzig kusomea sheria kama baba yake alivyotaka. Moyo wake ulikuwa kwenye mashairi. Mwaka 1768 aliugua sana, akarudi nyumbani na kuuguzwa kwa muda mrefu. Alipopata nafuu akaenda Strasbourg, akamaliza masomo yake mwaka 1771.

Ukimtazama kwa nje ungesema kijana huyu hana shida. Ana elimu, ana wazazi na ana kipaji. Tunasema hivyo hata leo kuhusu watu wengi, halafu tunashangaa.

Wetzlar, 1772

Mwezi Mei 1772 alikwenda Wetzlar, mji mdogo uliokuwa na mahakama kuu ya dola, ili apate uzoefu wa kazi. Huko, kwenye dansi, alikutana na Charlotte Buff. Charlotte alikuwa amefiwa na mama yake, na ndiye aliyekuwa akilea wadogo zake wengi. Goethe akampenda. Lakini Charlotte alikwisha kuposwa na Johann Christian Kestner, mtu mwema ambaye naye akawa rafiki wa Goethe. Hapakuwa na mtu wa kumlaumu. Mwezi Septemba Goethe aliondoka mjini bila kuaga ana kwa ana, akaacha barua.

Wiki chache baadaye habari ikamfikia. Karl Wilhelm Jerusalem, katibu kijana katika ofisi ya ubalozi pale Wetzlar, ambaye Goethe alimfahamu tangu Leipzig, alikuwa amejitoa uhai. Jerusalem alikuwa amempenda mwanamke wa mtu, alikuwa na matatizo kazini, na aliwahi kudhalilishwa na watu wa tabaka la juu. Kestner alimwandikia Goethe barua ndefu yenye kila kitu kilichotokea siku za mwisho.

Hebu tusimame hapa kidogo. Mtu anayefahamika amekufa. Aliyepokea habari ni kijana wa miaka 23 ambaye naye amevunjika moyo na ana mawazo ya kujiua. Na habari imekuja na kila undani wake. Miaka mingi baadaye, katika kitabu cha maisha yake, Goethe alieleza waziwazi kwamba katika kipindi kile kulikuwa na usiku mwingi aliojipima kama anaweza kujitoa uhai. Alieleza pia kwamba mwishowe alijicheka, akaamua kuishi. Lakini aliona kwamba kuamua tu hakutoshi. Ule mzigo ulihitaji mahali pa kutuliwa.

Kitabu kilichomponya mmoja na kuwaumiza wengine

Aliutua kwa kuandika. Mwanzoni mwa mwaka 1774, kwa muda wa takriban wiki nne, aliandika kitabu kiitwacho Mateso ya Kijana Werther. Ni kisa cha kijana nyeti anayempenda mwanamke aliyeposwa na mwingine. Kisa kinakwenda kwa barua, na kinaishia kwa kijana huyo kujitoa uhai. Nusu ya kisa ni maisha ya Goethe mwenyewe, na mwisho wake ni wa Jerusalem.

Goethe alisimulia kwamba alipomaliza kuandika alijisikia kama mtu aliyetoka kuungama dhambi zake zote, mwepesi na tayari kuanza upya. Kuandika kulikuwa dawa kwake.

Kitabu kilitoka vuli ya mwaka 1774 na kikaenea kama moto wa nyikani. Kilitafsiriwa kwa Kifaransa na Kiingereza. Vijana wakaanza kuvaa kama Werther, koti la buluu na kizibao cha njano. Hata Napoleon, walipokutana mwaka 1808, alimwambia Goethe kwamba amekisoma mara saba.

Lakini pamoja na mavazi zikaja habari nyingine. Ikasemwa mji huu na mji ule kwamba kuna vijana wamejitoa uhai kwa kumfuata Werther. Mwaka 1775 mji wa Leipzig ukapiga marufuku kitabu pamoja na mavazi yake. Denmark nayo ikakizuia. Goethe mwenyewe alishtuka. Katika toleo la mwaka huohuo wa 1775 aliongeza mistari ya kumwonya msomaji asimfuate Werther. Baadaye alieleza kwamba yeye alijiponya kwa kuyageuza maisha kuwa hadithi, lakini baadhi ya watu walidhani wanapaswa kuigeuza hadithi kuwa maisha.

Kisa ni kilekile. Kwa aliyeandika kilikuwa mlango wa kutokea. Kwa msomaji aliyekuwa tayari ukingoni, kilikuwa kama sauti inayomwita.

Safari kwenye theluji

Mwezi Novemba 1775 Goethe alihamia Weimar kwa mwaliko wa mtawala kijana, Karl August. Akawa mtu wa serikali. Alishughulikia barabara, migodi na fedha. Lakini Werther alimfuata huko.

Kijana mmoja aitwaye Plessing, mtoto wa mchungaji katika mji wa Wernigerode, aliyezaliwa mwaka mmoja na Goethe, alikisoma kitabu akazama katika huzuni. Alimwandikia Goethe barua ndefu ya kuomba msaada, kisha akaandika nyingine. Goethe hakujibu. Barua za namna hiyo zilikuwa zikimjia, na hakujua aandike nini. Lakini ile barua haikumtoka moyoni. Mwezi Desemba 1777, wakati wa baridi kali na theluji, alisafiri kwa farasi mpaka Wernigerode. Akajitambulisha kwa jina la uongo, akasema yeye ni mchoraji, akaomba kuonana na kijana huyo.

Plessing akamsomea mgeni wake ile barua ambayo Goethe hakuijibu. Goethe akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamshauri atoke ndani ya mawazo yake, atazame dunia ya nje, ashike kazi na kuwa karibu na watu. Usiku ule Plessing hakukubali. Hakuna muujiza uliotokea. Lakini mtu alikuwa amekuja, amekaa na amesikiliza. Baadaye Plessing alimtembelea Goethe Weimar, na akaishi kuwa profesa wa falsafa huko Duisburg. Mwaka 1792 Goethe alipita Duisburg kumjulia hali.

Mwezi mmoja tu baada ya safari ile ya theluji, Januari 1778, msichana mmoja wa Weimar, Christiane von Laßberg, alijitoa uhai karibu na nyumba ya Goethe. Ilisemwa kwamba alikuwa na kitabu cha Werther. Goethe alisaidia kuandaa mahali pa kumkumbuka. Lakini alimwandikia rafiki yake Charlotte von Stein kumwonya asiende kukaa pale, kwa kuwa huzuni ya namna ile ina mvuto wa hatari. Goethe alikuwa ameanza kutambua kwamba tunaweza kumlilia marehemu bila kukigeuza kifo chake kuwa kitu cha kutamaniwa.

Kengele za Pasaka

Maisha yake yaliyofuata yalikuwa marefu. Alikwenda Italia mwaka 1786. Alirudi, akaishi na Christiane Vulpius, mwanamke aliyekuwa akifanya kazi katika karakana ya maua ya kutengeneza, ambaye watu wakubwa wa Weimar walimdharau. Mwaka 1789 walipata mtoto wa kiume, August. Alifanya urafiki mkubwa na mshairi Schiller. Alichunguza mimea, mawe na rangi. Alisoma Qurani na mashairi ya Hafidh wa Shiraz, na mwaka 1819 akatoa diwani iliyotokana na mapenzi yake kwa ushairi wa Mashariki.

Kazi yake kubwa zaidi, tamthilia ya Faust, sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1808. Karibu na mwanzo wake msomi Faust amekata tamaa na yuko hatua moja kutoka kifo. Mara kengele za Pasaka zinalia na watu wanaimba. Anakumbuka utoto wake na imani ya siku hizo, na mkono wake unashuka. Aliyemwandika Werther anayekufa sasa alimwandika mtu anayezuiwa na sauti za wenzake.

Mwaka 1812 rafiki yake Zelter, fundi mwashi na mwanamuziki wa Berlin, alifiwa na mtoto wake wa kambo kwa kujitoa uhai. Zelter alimwandikia Goethe akiwa amepondeka. Goethe, mwenye miaka 63 wakati huo, hakuhubiri wala kumlaumu marehemu. Alimwandikia kwamba mtu aliyekamatwa na uchovu wa maisha ni wa kuhurumiwa, si wa kukaripiwa. Akakiri kwamba dalili zote za ugonjwa huo ziliwahi kupita ndani yake mwenyewe.

Kuna jambo dogo katika barua ile. Kijerumani kina namna mbili za kumwita mtu, moja ya heshima yenye umbali, nyingine ya ndugu na rafiki wa ndani. Kwa miaka mingi wawili hawa waliandikiana kwa ile ya kwanza. Katika barua hii Goethe alihamia ile ya pili. Kwa mtu aliyefiwa hivyo, ambaye majirani huenda wanamkwepa, hicho kilikuwa kiti kilichosogezwa karibu.

Goethe aliwazika wengi. Schiller alifariki mwaka 1805, mkewe mwaka 1816, na mwanawe August mwaka 1830. Aliendelea kuandika. Alimaliza sehemu ya pili ya Faust mwaka 1831, akafariki Weimar tarehe 22 Machi 1832, akiwa na miaka 82. Yule kijana wa miaka 23 aliyedhani hana kesho alipata kesho za karibu miaka 60.

Wataalamu walichokiona baadaye

Mwaka 1974, miaka 200 kamili baada ya kitabu kile, msomi wa Marekani David Phillips alilinganisha habari za magazeti na idadi ya vifo. Aliona kwamba baada ya gazeti kuweka ukurasa wa mbele habari ya mtu kujitoa uhai, vifo vya namna hiyo viliongezeka, na kadiri habari ilivyopewa nafasi kubwa ndivyo ongezeko lilivyokuwa kubwa. Mwezi Agosti 1962, baada ya kifo cha mwigizaji Marilyn Monroe, vifo hivyo vilipanda kwa takriban asilimia 12 nchini Marekani. Phillips akaliita jambo hili athari ya Werther.

Haina maana kwamba habari humfanya mtu mzima wa afya aamke na kutaka kufa. Anayeguswa zaidi ni yule ambaye tayari anapambana na mawazo hayo. Anamsikia mtu maarufu, labda wa rika lake, mwenye fedha na sifa, halafu anajiambia: kama yule ameshindwa, mimi nitaweza wapi? Akisikia namna alivyofanya, anapata njia. Akisikia watu wanamsifu kwamba sasa amepumzika, anaona ni pumziko. Akiambiwa alikufa kwa sababu ya mapenzi tu au deni tu, anaona deni lake nalo lina mwisho mmoja tu. Ukweli ni kwamba mara nyingi sababu huwa nyingi, na miongoni mwake huwa kuna maradhi yanayotibika, kama sonona.

Upo pia upande wa pili. Mwaka 2010 watafiti wa Austria walichunguza magazeti ya nchi yao, wakaona kwamba habari za watu waliofikia ukingoni kisha wakapata namna ya kuendelea kuishi zilifuatana na kupungua kwa vifo. Wakaiita athari ya Papageno, kutokana na mhusika wa opera ya Mozart ya mwaka 1791 ambaye, akiwa amekata tamaa, anazuiwa na watoto watatu wanaomkumbusha kwamba bado kuna njia nyingine. Mwaka 1994, mwanamuziki Kurt Cobain alipojitoa uhai mjini Seattle, vyombo vya habari vya huko vilitangaza sana mahali pa kupata msaada. Ongezeko la vifo lililoogopwa mjini humo halikuonekana, na simu za kuomba msaada ziliongezeka.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya 720,000 hujitoa uhai kila mwaka, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hizo ni nchi kama zetu.

Kama ni wewe, au ni mtu wako

Msikilizaji, ikiwa habari ya mtu maarufu imekuamshia mawazo ya kujiua, kwanza zima redio au simu. Hatutakasirika. Usikae kuitafuta tena na tena usiku. Pili, usibaki peke yako. Mwambie mtu mmoja leo, kwa maneno ya wazi: mke au mume, shangazi, rafiki, mwalimu, shehe au mchungaji. Kisha nenda zahanati au kituo cha afya, umweleze mhudumu. Wanaweza kukupeleka hospitali ya wilaya au ya mkoa penye huduma ya afya ya akili. Kuwa na mawazo haya si dhambi ya kuficha, na kuomba msaada si kosa.

Ikiwa ni mtu wako, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Wengi tunaogopa kwamba kuuliza kutampa wazo. Sivyo. Kumuuliza kwa upole humpa nafasi ya kupumua. Sikiliza bila kukaripia. Weka mbali naye vitu anavyoweza kujidhuru navyo. Usimwache peke yake wakati wa hatari, nenda naye hospitali. Na siku ya pili mrudie, hata kama jana hakukubali. Plessing naye hakukubali usiku wa kwanza.

Na mtu maarufu akifa hivyo, usisambaze picha wala barua yake kwenye kundi la simu. Huwezi kujua nani kwenye kundi hilo anakesha.

Mama yule, kama unasoma hapa, hili ndilo jibu nililopaswa kukupa asubuhi ile. Hapana, hatutaisoma tena namna ile. Tutasema mtu huyo amefariki, alikuwa nani na alifanya kazi gani, na tutasema msaada unapatikana wapi. Na nilipaswa kukuomba usikate simu kwanza, ukamwite kijana wako, tuzungumze naye sote wawili.